Jumatatu za Mkuu wa Chuo

Asaheli Thorne alifariki dunia Jumanne asubuhi, saa moja na robo, na kwa kuwa alikuwa akiishi peke yake na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amefariki, aliamka, akavaa, akaenda kazini.

Mwili huzoea. Na mwili unapokoma, mazoea hubaki yakitembea yenyewe, kama gurudumu linaloendelea kuzunguka baada ya gari kupinduka. Miaka thelathini na mmoja Asaheli alikuwa mkuu wa chuo kile, huko Marekani, katika karne iliyopenda treni na hotuba. Na miaka yote hiyo alitoka nyumbani saa hiyo hiyo akavuka uwanja wa nyasi kwenda jengo kuu. Alikuwa amestaafishwa miaka miwili iliyopita, lakini asubuhi hiyo jambo hilo lilimtoka akilini. Alifunga mlango nyuma yake. Theluji ilikuwa imekatika. Hakuona kwamba viatu vyake haviachi alama.

Uwanja ule ulikuwa na upana wa hatua mia moja na arobaini. Asubuhi hiyo kila hatua ilikuwa mwaka.

Hatua ya tano, miti aliyoipanda ikamzidi kimo. Hatua ya ishirini, taa za mafuta zikawa taa zisizo na moto. Mbele kidogo vijana waliovaa sare wakampita wakiimba, wakienda vitani. Aliponyanyua mguu na kuutua tena, wachache wakawa wanarudi, hawaimbi. Wasichana wakaingia darasani wakiwa wengi kuliko wavulana. Hatua ya themanini aliona kijana mmoja mweusi akiingia kwa lango la mbele, vitabu kifuani, askari kulia na askari kushoto, na umati ukimzomea kijana yule kwa nyuso zilizovimba. Asaheli alisimama. Alitaka kusema neno, maana ule ulikuwa uwanja wake. Lakini mtu hawezi kusimama ndani ya mwaka, mwaka humsukuma. Akasukumwa.

Hakuna aliyemwamkia. Hilo ndilo lililomwuma kuliko kuona karne nzima ikipita chini ya soli zake. Wanafunzi walipita katikati yake wakizungumza na vioo vidogo walivyovishika mkononi, na alipojaribu kuwapisha, hapakuwa na haja ya kuwapisha.

Karibu na mwisho wa uwanja alimkuta mtu wa shaba amesimama juu ya jiwe. Akaliendea jiwe akasoma: ASAHELI THORNE. ALILETA NURU. Akamtazama usoni yule mwingine. Paji la uso ni lake. Pua ni yake. Mdomo umefungwa barabara, kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Mtu akishakuwa jina, yeye mwenyewe huenda wapi?

Tuliache hilo kwanza. Tumtazame alivyokuwa kabla ya kuwa shaba.

Alizaliwa na fundi mapipa katika bonde la baridi, mtoto pekee. Baba yake alitaka awe na mikono. Yeye akawa na macho tu. Alisoma Kilatini, akasoma Kigiriki, akasoma mpaka hakukuwa na mtu bondeni wa kuzungumza naye. Alipotimiza miaka thelathini na minne aliitwa kwenye mji mmoja wa kando ya mto mkubwa, kuongoza chuo chenye jengo moja, walimu wanne na ng'ombe mmoja. Alikuja na mkewe, Lavinia. Mwaka wa pili Lavinia alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata mama yake kabla jua halijazama. Asaheli hakuoa tena. Watu walisema amekioa chuo, naye aliwaacha waseme, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba hakujua tena namna ya kukaa mezani na mtu.

Chuo kikakua. Akaleta shule ya sheria. Akaleta shule ya udaktari, ya kwanza katika jimbo lile, na kwa ajili yake akamwita Dakta Crane, mpasuaji hodari, mtu mwembamba mwenye mikono iliyonukia sabuni. Mwisho akaanza kujenga maktaba yenye kuba kubwa, ambalo abiria wa meli za moshi wangeliona toka mbali kabla hawajauona mji wenyewe.

Miongoni mwa waliojenga kuba hilo alikuwamo Amosi Pettway. Alikuwa mtu mweusi, huru kwa karatasi aliyoibeba mfukoni kila siku, kazi yake kupandisha matofali kwa ngazi, begani. Alhamisi moja ngazi iliteleza. Amosi alikuwa juu kabisa.

Mkuu aliongoza sala. Alisema maneno mazuri. Mafundi wawili walilia. Amosi akazikwa kilimani, nje ya mji, mahali walipozikwa watu weusi, na Jumatatu iliyofuata kazi ikaendelea.

Siku ya tisa mvua kubwa ilinyesha. Siku ya kumi asubuhi, mjane wa Amosi alikuja ofisini kwa Mkuu. Aliitwa Dorkasi. Chuoni walimfahamu, au tuseme waliyafahamu mashati yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyefua nguo za walimu na mashuka ya mabweni. Alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

"Bwana Mkuu," alisema, "mume wangu hayupo."

"Tunasikitika pamoja nawe, Dorkasi. Mungu ndiye aliyetoa, na Mungu ndiye..."

"Siyo hivyo, Bwana. Najua amekufa. Nasema hayupo. Kaburini hayupo."

Akafungua kifurushi, akatandaza shati jeupe juu ya meza, juu ya mchoro wa kuba.

"Kaburi lilititia kwa mvua. Nikafukua. Jeneza limevunjwa upande wa kichwani, na ndani mna hili peke yake. Nilimvika mwenyewe. Vifungo nilivifunga mimi, sita. Tazama, vimefunguliwa kimoja kimoja. Mnyama hafungui vifungo."

Asaheli alilitazama shati. Alikuwa amesoma sheria kiasi cha kutosha kuelewa alichokuwa anaonyeshwa. Katika nchi ile, mtu akiiba shati la maiti, ameiba mali, naye atafungwa. Akiiba maiti yenyewe, hajaiba kitu, maana maiti haina mwenyewe. Ndiyo maana wanaojua kazi hiyo huliacha shati. Fikiri sheria ya namna hiyo, iliyomtazama Amosi Pettway kuanzia unyayo hadi utosini, na kitu pekee ilichoona chafaa kulindwa ni pamba. Akiwa hai, ilimdai karatasi ya kuthibitisha kwamba si mali ya mtu. Alipokufa ikamgeuzia maneno yale yale: si mali ya mtu, basi mwenye kumtaka na amchukue.

"Kwa nini umekuja kwangu?" Asaheli aliuliza.

"Kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba."

"Hapa ni mahali pa elimu, Dorkasi. Jambo hilo sisi hatulijui."

Mwanamke alimtazama. "Hiyo 'sisi', Bwana, ina watu wangapi ndani yake?"



"Mimi silijui," alisema Asaheli.

Dorkasi alilikunja shati, mikono ndani, kola juu, kama alivyoyakunja mashati ya Mkuu kila wiki. Akatoka bila kuaga.

Na kweli asubuhi hiyo hakuwa anajua, au alijua kama mtu ajuavyo kwamba darini mwake mna panya: husikia, akajigeuza upande wa pili. Dakta Crane alimwambia siku ya kwanza kabisa, "Wewe niletee wanafunzi, Mkuu, hayo mengine niachie." Naye alimwachia. Lakini sasa neno lilikuwa limetamkwa juu ya meza yake. Adhuhuri hiyo alikwenda kwenye jengo la udaktari, akazifikia ngazi za chumba cha chini ya ardhi. Dakta Crane alikuwa amesimama mlangoni.

"Rudi juu, Mkuu. Ukishuka ngazi hizi hutapanda ukiwa yule yule."

Alishuka. Palikuwa na wanafunzi kumi na wawili, wameizunguka meza, na dirisha dogo lililoleta mwanga juu ya kilicholala pale. Uso ulifunikwa kitambaa. Mkono wa kushoto uliachwa wazi, vidole vimebabuka kwa chokaa, kidole cha mwisho kimekatika nusu, jeraha la zamani lililopona. Mwanafunzi mmoja alikuwa akiuchora mkono ule. Aliuchora vizuri mno. Huenda maisha yote ya Amosi hakuna mtu aliyewahi kuutazama mkono wake kwa makini namna hiyo, isipokuwa mkewe.

Crane alimvuta kando. "Unadhani daktari hujifunza kwa nini? Kwa picha? Kijana yule atakuja kumwokoa mama yako."

"Mama yangu alikwisha kufa."

"Amezikwa wapi?"

"Nyumbani. Chini ya jiwe lenye jina."

"Basi umeelewa," alisema Dakta Crane kwa upole, "kwa nini yeye hayupo kwenye meza hii."

Asaheli alipanda ngazi. Akarudi ofisini, akaketi, akaandika hotuba ya kufungua maktaba. Ilikuwa hotuba kuhusu nuru. Ilichapishwa katika magazeti ya miji saba.

Jumatatu iliyofuata Dorkasi alileta nguo safi kama kawaida. Alipomaliza kuzigawa, aliingia jengo kuu, akaketi kwenye benchi la ukumbini lililoelekea mlango wa Mkuu. Hakusema kitu. Alikaa robo saa, mikono juu ya mapaja, akainuka akaenda zake.

Jumatatu nyingine akaja tena.

"Nimwondoe?" aliuliza karani wa Mkuu, Bwana Boyce, mtu aliyependa ukumbi uwe mtupu.

"Amefanya kosa gani?"

"Ameketi, Bwana."

"Mwache aketi."

Aliketi miaka kumi na tisa.

Mwanzoni Asaheli alijipangia safari za Jumatatu. Aliporudi Jumanne, benchi lilimwangalia. Kisha akawa anakaa ofisini, mlango umefungwa, akimsikiliza asivyosema. Vita vikuu vya nchi ile vikaja vikapita, watumwa wakawekwa huru, Crane akazeeka akafa akazikwa chini ya jiwe lenye jina. Chuo kikapata nyota na sifa. Na kila Jumatatu, saa nne na nusu, viatu vya mwanamke mmoja vilipita ukumbini, vikanyamaza mbele ya mlango. Kufikia mwaka wa kumi alianza kuuacha mlango wazi. Hawakutazamana. Yeye aliandika, mwanamke aliketi. Na ndani ya kichwa cha Mkuu sauti ilizunguka bila kituo:

*Watu elfu wananijua. Wananijua kwa kofia yangu. Wananijua kwa sauti. Nani ananijua? Yule. Kwa nini yule? Kwa sababu nilimdanganya, na uongo ni chumba cha watu wawili. Lavinia alinipenda lakini alikufa kabla sijawa mtu huyu. Yule ndiye aliyekuwapo nilipokuwa mtu huyu. Nikimwambia kweli atakwenda zake, na sitabaki na mtu. Tazama basi nilivyo. Nimeficha maiti ya mume ili nibakiwe na mjane wa kuketi mlangoni pangu.*

Alipolifikia wazo hilo la mwisho aliweka kalamu chini. Mwanamke alikuwa ameshaondoka.

Kisha ikaja Jumatatu ambayo viatu havikusikika. Ikaja ya pili. Ya tatu, Asaheli alichukua fimbo yake, akatoka nje ya geti la chuo, akashuka upande wa chini wa mji, mahali ambapo mto hufurika kila masika. Hakuwahi kufika huko. Ilimbidi aulize njia mara nne ili kuipata nyumba ya mtu aliyemfulia shati kila wiki.

Mlangoni alisimama jirani, mwanamke mnene, mikono kiunoni. Alimjua mara moja.

"Anakufa, Bwana," alisema. "Kama mmekuja kumchukua na huyu, mngoje basi apoe."

Asaheli alivua kofia. Jirani alimtazama mpaka alipochoka kumtazama, akampisha.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Dorkasi alilala karibu na dirisha. Alikuwa amekonda mpaka macho yakawa ndiyo sehemu kubwa yake.

"Bi Pettway," alisema Asaheli.

"Hee! Miaka yote nimekuwa Dorkasi. Leo nimekuwa Bi Pettway. Kumbe kweli ninakufa."

Alivuta kiti akaketi. Magoti yao yalikaribiana. Alikuwa na hotuba, aliiandaa njiani. Ilipotea.

"Nilimwona," alisema. "Siku ile ile uliyokuja. Nilishuka nikamwona. Nilikuwa najua."

Mwanamke hakushtuka. "Uso wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa umefunikwa. Niliuona mkono wa kushoto."

"Wenye kidole kifupi."

"Ndiyo."

Alifumba macho kama mtu aliyeshikwa mkono. "Halafu wakamweka wapi?"

"Nyuma ya jengo la udaktari pana kisima kikavu. Walipomaliza, walikuwa... Humo."

"Peke yake?"

"Hapana. Wako wengi."

"Afadhali," alisema Dorkasi. "Amosi hakupenda kulala peke yake."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Asaheli alisikia kila pigo.

"Bi Pettway, waweza kunisamehe?"

"Kazi hiyo sina nguvu nayo, Bwana. Nimewafulia vya kutosha." Akageuza kichwa, akamtazama. "Na kwa nini unaniambia mimi? Mimi nilijua. Kawaambie wale wanaokupigia makofi."

Alikufa Jumatano.

Mwezi uliofuata yalikuwa mahafali. Watu elfu mbili walikaa chini ya kuba: magavana wa zamani, maaskofu, akina mama wenye miavuli, wahitimu katika majoho. Asaheli alisimama na karatasi zake, akazikunja, akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida. Alisema kuna kisima nyuma ya jengo la udaktari. Alisema ndani ya kisima mna watu. Alisema hajui majina yao isipokuwa moja, Amosi Pettway, aliyepandisha matofali ya kuba lililo juu ya vichwa vyao, aliyekatika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kwamba miaka kumi na tisa iliyopita mjane wake aliuliza naye akamjibu uongo.

 Kisha mwenyekiti wa Baraza la Wadhamini akainua kidole, na bendi ikapiga.

Walimtoa kwa heshima, mmoja huku na mmoja huku. "Umechoka, Asaheli," walimwambia. "Ni joto." Katika kitabu cha kumbukumbu karani alikuwa amekwisha kuandika aliyosikia; akaamriwa ayafute kwa kalamu, na juu yake aandike: *Mkuu alishikwa na kizunguzungu.* Wiki ya pili akastaafishwa kwa barua yenye lakiri. Mwezi wa tatu sakafu ya mawe ikajengwa juu ya kisima. Na mwaka haujaisha, wakamletea mchongaji.

Wengine husimamishiwa sanamu ili wakumbukwe. Huyu alisimamishiwa ili anyamaze. Walitaka awepo Asaheli mwingine, wa kutazamwa, ili yule anayesema asiwe na maana. Na ilifaa. Alimwambia kinyozi, kinyozi akatabasamu, akampangusa sabuni. Alimwambia mchungaji, mchungaji akamwombea apate usingizi. Aliandika barua kwa magazeti ya miji saba, na miji saba ikamjibu kwa kumsifu kwa utumishi wake mrefu. Hapo ndipo alipojua upweke wenyewe. Ule wa zamani, wa siri, ulikuwa na mtu mmoja mlangoni. Huu haukuwa na mtu. Alikuwa amesema kweli, na kweli imempita kila mtu kama mvuke. Wakati mwingine alikaa sebuleni akijiuliza kama si kwamba alikwisha kufa siku ile chini ya kuba, na hii iliyobaki ni adabu tu ya mwili.

Ikafika Jumanne ile. Mengine tumekwisha kuyasema.

Hatua ya mia moja na arobaini ilimfikisha jengo kuu. Alipanda. Mlango wa ofisi yake ulikuwa na jina la chumba, si la mtu. Akaingia.

Meza yake haikuwapo. Palikuwa na meza ndefu nyingi zilizotandikwa nguo nyeupe, na juu ya nguo ilipangwa mifupa: midogo na midogo, mirefu na mirefu, kila mmoja na kibandiko chake. Mwanamke mmoja mweusi, nywele zimeanza mvi, miwani imening'inia shingoni, alikuwa ameinamia kitabu kikubwa cha zamani. Kando yake alisimama mwanamume wa makamo mwenye kofia ngumu ya ujenzi mkononi.

"Hamsini na watatu, Dakta Gaines," alisema mwanamume. "Ndio wote. Tangu tuvunje sakafu ya mawe hadi leo, tumefika chini kabisa ya kisima. Wajenzi wangu hawataki kurudi pale, na siwalaumu."

"Hata mimi nisingewalaumu, Bwana Whitaker."

Renita Gaines alikuwa msomi wa mifupa na wa karatasi, maana alisema vitu hivyo viwili husema uongo kwa namna tofauti, na ukivikutanisha hukamatana. Aliinua kitabu cha kumbukumbu, akakipeleka dirishani, akakiinamisha ili mwanga uje kwa ubavu. Wino uliofuta ulikuwa mzito. Lakini karani wa zamani alikuwa na mkono wa nguvu, na kalamu yake ilichimba karatasi.

"'Kisima'," alisoma, polepole, kama mtu anayepapasa giza. "'Nyuma ya jengo'... 'Amosi'... Pe. Pettway. 'Kidole cha mwisho. Mkono wa kushoto.'"

Aliweka kitabu chini. Akaenda meza moja, akarudi, akaenda nyingine. Kwenye meza ya nne alisimama. Akaokota mfupa mdogo usiozidi punje ya karanga, ncha yake imeziba, laini, imepona tangu zamani. Akauweka kwenye kiganja.

"Karibu, Bwana Pettway," alisema.

Asaheli, aliyesimama karibu na mlango, alisogea karibu na meza ile.

"Kumbe Mkuu alisema kweli," alisema Whitaker. "Huyu wa sanamu. Aliwaambia hadharani! Basi alikuwa shujaa."

"Soma hapo chini. Alijua miaka kumi na tisa kabla hajafungua mdomo."

"Lakini aliufungua."

"Aliufungua," alisema Renita Gaines. "Tutaandika yote mawili."

Asaheli alingoja. Alidhani wataendelea, maana mtu akitajwa na waliozaliwa karne moja baada yake, hutamani sentensi inayofuata. Hawakuendelea. Mwanamke alikuwa amekwisha kugeukia meza nyingine na mfupa mwingine, akiuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe? Na wewe ni nani?" Maisha yote ya Asaheli, kuba, shule ya sheria, Kigiriki, yalikuwa yamejibiwa kwa maneno matatu, nayo yalikuwa ya haki.

Walizikwa masika, mchana, kilimani kule kule. Asaheli alipanda nyuma ya umati. Walio hai walikuja wengi, kutoka upande wa chini wa mji, wamevaa vizuri, na waliimba bila bendi. Majeneza yalikuwa hamsini na matatu. Na kando ya kila jeneza, Asaheli aliona wale ambao walio hai hawakuwaona: wanaume na wanawake wamesimama, kila mmoja karibu na sanduku lake, kama wasafiri kituoni walioambiwa hatimaye treni yao imefika.

Alimtafuta Dorkasi. Alimwona mbali kidogo, ameegemea bega la mtu mrefu, anacheka. Hakuwahi kumwona akicheka; hakujua kwamba ana mwanya. Macho yao yalikutana. Dorkasi alimtambua, hilo halikuwa na shaka. Hakumpungia, hakukunja uso. Alimtazama mpaka alipotosheka, kisha akarudia mazungumzo yake.

Yule mtu mrefu ndiye aliyekuja. Alishuka kati ya makaburi kwa hatua za mtu aliyezoea mizigo, akasimama mbele ya Asaheli. Uso wake ulikuwa mpana, wa kirafiki. Asaheli alikuwa hajawahi kuuona.

"Shikamoo, mzee," alisema Amosi Pettway. "Nimekuona umesimama peke yako. Umekuja kumzika nani?"

Asaheli alifungua mdomo. Alitafuta miongoni mwa vyeo vyake vyote, na katika lugha tatu. Aliangalia juu alikosimama Dorkasi, akaelewa kwamba hakumwambia mumewe lolote. Dorkasi hakumwona kuwa anastahili hata kutajwa siku hiyo.

"Sina mtu hapa," alisema.

Amosi alimwangalia kwa huruma ya kawaida, ile ambayo mtu humwonea mgeni yeyote aliyefika mahali amechelewa. Akatikisa kichwa. Akainama, akaokota beleshi lililolala kwenye majani, akampa.

"Basi shika hili, mzee. Makaburi ni mengi na mchana unakwenda."

Asaheli alilipokea. Udongo wa kilima kile ulikuwa na mawe, mzito kuliko alivyodhani, na kufikia kaburi la tatu viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Alizika mpaka jua likaegemea mto. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala hakuna aliyezungumza naye tena.